Mkataba umetiwa sahihi, shamba lina wenyewe wawili

Tarehe 28 Agosti 2000, mjini Arusha, serikali ya Burundi, bunge lake na vyama vya siasa vilitia sahihi Mkataba wa Amani na Maridhiano wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa baadhi ya vyama hivyo 17 vilisaini wiki chache baadaye. Mwalimu Nyerere, aliyeanza kuwasuluhisha, alikuwa ameshafariki Oktoba 1999, na Nelson Mandela ndiye aliyeimalizia kazi hiyo. Makundi mawili makubwa yenye silaha, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwamo. La kwanza lilikuja kusaini jijini Dar es Salaam Novemba 2003, la pili Septemba 2006, na FNL haikugeuka chama cha siasa hadi 2009. Kwa hiyo ukiwauliza Warundi vita viliisha lini, jibu linategemea unayemuuliza alikuwa akiishi mkoa gani.

Mkataba una itifaki tano. Ukizisoma na kalamu mkononi, utagundua kwamba haki za waliokuwa mezani zimeandikwa kwa tarakimu, ila za wasiokuwepo zimeandikwa kwa maneno mazuri. Jeshini, hakuna kabila litakalozidi asilimia 50. Katiba ya 2005 ikaendeleza hesabu hiyo: Bunge la Taifa asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, wanawake wasipungue asilimia 30, Watwa, kabila dogo la tatu, viti vitatu, Seneti nusu kwa nusu. Haya yalitekelezwa, tena kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Sababu haina siri. Kiti kimoja kikipungua, kuna chama kinachojua siku hiyohiyo na kinapiga kelele. Mjane anayerudi na watoto kutoka Katumba, makazi ya wakimbizi nchini Tanzania, hana chama cha kumhesabia.

Huyo mjane ndiye kipimo chetu, na kesi yake ni ya ardhi.

Mauaji ya 1972 yaliwakimbiza Warundi kwa makumi ya maelfu. Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambazo leo ziko Katavi. Watu wa huko wanawaita tu "wa sabini na mbili". Nyuma yao, hasa Rumonge na Nyanza-Lac kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mashamba yao hayakubaki pori. Mengine serikali iliyagawa, ikayaingiza kwenye miradi ya michikichi. Mengine majirani waliyameza kidogokidogo. Aliyegawiwa alipewa karatasi, akajenga, akazaa, akazika wazazi wake palepale. Si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni maskini aliyeambiwa na afisa, "Chukua hapa."

Sheria ya ardhi ya 1986 ilisema aliyeshikilia ardhi kwa miaka 30 anakuwa mwenyewe, au miaka 15 kama aliingia kwa nia njema. Toka 1972 hesabu miaka 30 utafika 2002, wakati ambapo wimbi la kurudi ndilo kwanza linaanza. Yaani mlango wa mahakama ulikuwa unafungwa mtu akiwa bado anavuka mpaka na godoro lake. Itifaki ya 4 ya Arusha nayo ilisema kinyume: mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Kanuni mbili, shamba moja.

Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ile wanayoiita CNTB kwa kifupisho cha Kifaransa. Chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, Padri Astère Kana, ilipendelea kugawanya: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyekutwa shambani. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, ikageuza uelekeo na kumrudishia mwenye asili shamba zima. Kila njia ilikuwa na walioumia. Mgawo wa nusu ulimwacha aliyerudi na kipande kisicholisha watoto sita. Urejeshaji kamili ulimtoa nje mtu aliyelima miaka thelathini akiwa na karatasi ya serikali mkononi. Mwanzoni mwa 2015 malalamiko yalipochacha, hasa Makamba, rais alisimamisha kazi za tume hiyo kwa muda.

Kwa maoni yetu lawama haiko kwenye kuchagua njia hii au ile. Mkataba ulitaja fidia, ukataja hata mfuko wa taifa wa waathirika, bila kusema mfuko ujazwe kiasi gani, kufikia lini. Mfuko mtupu hauna cha kumlipa anayeshindwa. Matokeo yake kila uamuzi ulimnyang'anya maskini mmoja ukampa maskini mwingine, na tume ikaonekana inapendelea hata pale ilipotenda haki.

Shauri la namna hii lishughulikiwe shambani, si ofisini. Warundi huita ardhi ya ukoo itongo, na itongo la zamani huacha alama: ua wa minyaa uliokwisha kuwa miti, mvumu mkubwa ulipokuwa mji wa babu, msingi wa mawe, makaburi. Wazee wa kilima, yaani kijiji, watembee mpaka mzima pamoja na pande zote mbili, majirani wa pande nne wawepo, na wanawake waitwe kwa majina yao. Wao ndio mara nyingi wanaojua mfereji ulipita wapi, kwa kuwa ndio waliolima. Kisha muulize aliyekutwa shambani: nani alikupa, mwaka gani, karatasi iko wapi, ulilipa nini?

Ardhi ni dai moja na miti ni dai jingine. Mchikichi huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na mavuno hushuka baada ya miaka kama 25. Mchikichi uliopandwa miaka ya themanini haukupandwa na aliyekimbia 1972. Akirudishiwa shamba, aliyepanda anastahili kulipwa miti yake au kuachiwa kuvuna kwa misimu iliyoandikwa. Ukichanganya madai haya mawili, utakuta miti imekatwa usiku kabla ya makabidhiano.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. Mapatano ya mdomo tu, shahidi mkuu akifa yamekufa naye. Mapatano yaliyoandikwa "hadi kwenye mti", halafu mti ukaangushwa. Mgawo usiopimwa kwa kamba, ambapo "nusu" ya mmoja ina maji na ya mwenzake ina mawe. Na hili zito kuliko yote: jina la kaka pekee kwenye cheti. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, kwa hiyo mila ndiyo inayoamua, na mila humpa ardhi mtoto wa kiume. Tangu sheria mpya ya ardhi ya 2011, ofisi za ardhi za tarafa zinaweza kutoa cheti cha shamba. Mke au mjane adai jina lake liandikwe siku ileile cheti kinapojazwa. Kulirekebisha baadaye ni safari ndefu.

Si wote waliorudi. Wakimbizi zaidi ya 160,000 wa makazi yale matatu walichagua uraia wa Tanzania na kuupata. Itifaki ya 4 iliwafikiria na hao: asiyerudi naye anaweza kudai fidia kama ardhi yake ilitwaliwa bila malipo. Ni kifungu kinachosahaulika mno.

Upande wa makosa ya jinai hadithi ni fupi na chungu. Ili viongozi waliokuwa uhamishoni warudi, sheria ya 2003 iliwapa kinga ya muda ya kutoshtakiwa. Muda hadi lini? Hadi Tume ya Ukweli na Maridhiano ifanye kazi yake, pamoja na chombo cha sheria cha kuhukumu. Mwaka 2005 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1606, lilitaka tume pamoja na kitengo maalumu ndani ya mahakama za Burundi. Sheria ya tume ilipita Mei 2014, kitengo hakikuundwa. Kinga isiyo na tarehe ya kufa haifi yenyewe. Anayeandika mkataba mwingine popote aweke siku: ikifika tarehe fulani bila tume kuundwa, kinga imekwisha.

Tume yenyewe imefukua. Februari 2020 ilitangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000 kutoka makaburi ya halaiki mkoani Karusi. Baadhi ya waliouawa walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari zao. Kaburi la namna hiyo ni ushahidi kabla ya kuwa sehemu ya maombolezo, na ushahidi huharibiwa na watu wenye nia njema. Ukilikuta ukilima, acha jembe. Weka alama pembeni, si juu yake. Andika nani alikuonyesha na alisema nini. Usioshe nguo, usikusanye mifupa kwenye gunia moja: mifupa ikichanganyika, kujua wangapi na nani inakuwa kazi ya maabara, na maabara ni ghali. Familia ziandike mapema alivyokuwa marehemu: urefu, meno yaliyong'oka, mfupa uliowahi kuvunjika, alivaa nini siku aliyochukuliwa.

Pale nyumbani panaposhindikana, mlango mmoja uko Arusha. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki bila kwanza kumaliza ngazi za mahakama za nyumbani. Ila ana miezi miwili tu tangu tendo litendeke au alipolijua. Wengi hufika baada ya miezi mitano wakiwa na kesi nzuri, wakarudishwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo mji huohuo, haimpokei Mrundi mmojammoja, kwa kuwa nchi yake haijatoa tamko la kuruhusu hilo.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 alitimiza 70 mwaka 2022. Kama katika familia yenu yupo mzee anayejua mipaka ya itongo, kaeni naye sasa, awe Gitega au Mishamo. Chora shamba kwenye karatasi, andika majirani wa wakati ule kwa majina yao na ya baba zao, kijito, njia, na mwaka wa kukimbia. Asome, au asomewe, aweke sahihi au dole gumba mbele ya watu wawili wasio wa ukoo wenu. Fanya nakala mbili, na fomu ya kurejea kwa hiari, kama mnayo, ikae pamoja nazo, mbali na moto na mchwa.