Je, wajua kijito cha Central Park huanzia kwenye bomba?

Ndani ya Central Park, katikati ya New York, kuna kijito kiitwacho Gill kinachopita baina ya mawe na miti ya Ramble hadi ziwani. Hakina chemchemi. Maji yake hutoka kwenye bomba la jiji lililofichwa miambani, nayo huweza kufungwa na kufunguliwa.

Wengi huamini bustani hii ni kipande cha Manhattan ya kale ambacho jiji lilikizunguka bila kukigusa. Sivyo. Sheria ya kutwaa ardhi ilipita 1853, na mwaka 1858 mchoro wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux ukashinda shindano. Ziwa lilitengenezwa palipokuwa na kinamasi, na udongo wenye rutuba ukaletwa kutoka New Jersey. Wala ardhi haikuwa tupu. Kulikuwa na Seneca Village, kijiji cha Wamarekani Weusi wengi, baadhi yao wakimiliki viwanja vyao, chenye makanisa matatu na shule. Kufikia mwisho wa 1857 wote walikuwa wameondolewa. Dhana ya pori lililoachwa salama inawafuta watu hawa, na hilo ndilo kosa lake kubwa.

Kazi iliyofanya miti istawi, hata hivyo, imefukiwa ardhini. Mizizi huhitaji hewa. Ukimwagilia kila siku chungu cha maua kisicho na tundu, mmea utaoza hata ukiwa na udongo mzuri, kwa kuwa maji yameziba nafasi zote za hewa. Sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa chungu cha aina hiyo, kwani mwamba wa chini hauruhusu maji kupenya kwa urahisi. Mhandisi George Waring ndiye aliyekitoboa. Mitaro ilichimbwa, na ndani yake vikalazwa vipande vifupi vya mabomba ya udongo wa kuchoma, maungio yakiachwa bila kuzibwa. Maji yalijipenyeza humo yakafuata mteremko, na hewa ikarudi udongoni.

Si kila kitu kilitengenezwa, lakini. Bonde la Loch, kaskazini, lilikuwa na kijito cha asili, ingawa leo nacho huongezewa maji ya bomba. Majabali ya kijivu ni ya Manhattan yenyewe, na bado yana michirizi iliyokwaruzwa na barafu ya kale. Mengine yalipasuliwa kwa baruti ili barabara nne za kukatiza bustani zipite chini ya usawa wa njia za miguu.