Je, paa la bati huvuta radi?

Huku Mbeya, mawingu ya Novemba yakianza kunguruma, wengi husema nyumba ya bati huvuta radi kuliko ya nyasi, na paa la shaba ndiyo kabisa. Dhana inaeleweka, kwani metali hupitisha umeme. Lakini kupitisha si kuvuta. Kinachoamua zaidi ni urefu wa kitu na kusimama kwake peke yake, kama mnara wa simu. Tena radi ikipiga, nyasi huwaka, bati haliwaki. (Bati si kinga kamili, lakini: umeme unahitaji waya mnene wa kuufikisha ardhini.) Ukitaka kuhakiki kwamba urefu ndio huamua, pita kwenye mikaratusi mirefu ya kilimani. Uliopigwa utauona: gome limechanika mstari mmoja kutoka juu hadi shinani.