"Si tutarekebisha tukihariri?"

Kila darasa jipya la video, kabla hata hatujazoeana, mtu ataniuliza: "Mwalimu, si tutarekebisha tukihariri?" Wiki hii nimeulizwa mara nne. Wa mwisho ni kijana aliyemhoji mwenzake chini ya feni, saa saba mchana, akiwa amemkalisha kaipa dirisha mgongo. Uso ni kivuli kitupu, dirisha jeupe pe, na sauti inavuma kama iko ndani ya mashine ya kusaga.

Hapana, hatutarekebisha. Kuhariri ni kuchagua na kupanga kilichonaswa, kisichonaswa hakipo. Lile dirisha limeungua kwa mwanga mwingi: ukilipunguza mwanga utapata kijivu, hutauona mti uliokuwa nje. Uso ukiuangaza, unajaa chenga. Picha iliyotoka nje ya fokasi ndiyo basi tena. Iliyotikisika hutulizwa, ila programu huikata kingo ili ifanye kazi hiyo, na kichwa ulichokibana juu ya fremu ndicho kinachoondoka. Sauti iliyopasuka kwa kurekodiwa juu mno, hata ukiishusha, inabaki imepasuka vilevile, kwa unyonge tu.

Na feni? Kwa kuwa inavuma mfululizo, programu inaweza kuipunguza, lakini huondoka na sehemu ya sauti ya msemaji, asikike kama anaongea ndani ya pipa. Kuizima kulihitaji kidole kimoja.

Hapa ndipo ninapopandisha sauti darasani: sogezeni maiki! Umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka maradufu, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6 mahali pasipo na mwangwi, huku kelele za mazingira zikibaki palepale. Maiki ya kawaida iliyo sentimita 20 kutoka mdomoni huishinda ya gharama iliyoachwa juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa msemaji. Vaeni visikilizio wakati wa kurekodi, si baada ya mhojiwa kwenda zake. Kisha kabla ya kufunga vifaa, wote wanyamaze sekunde 30 mrekodi ukimya wa chumba, wa kuzibia mapengo mtakapokata maneno. Wananicheka kwa hili. Halafu wanakata "eee" na "yaani" za mhojiwa, wanabaki na mashimo ya ukimya wa kaburini katikati ya sentensi, wanakuja kuniuliza wazibe na nini.

Mengine nayapitia haraka. "Bila 4K haifai." Ina pikseli, yaani nukta za picha, mara nne ya video ya kawaida ya 1920 kwa 1080, na kompyuta ya darasani inaijua tofauti hiyo kuliko macho yako, itakwama. "Mwendo wa polepole naweka baadaye." Ukirekodi fremu 25, yaani picha moja moja 25, kwa sekunde kisha ukapunguza kasi kwa nusu, unabaki na 12.5, na programu itarudiarudia fremu au kubahatisha zilizokosekana. Rekodi 50 tangu mwanzo. "Simu yangu haitoshi." Inatosha, futa lenzi, ina alama ya kidole.

Eti mbwembwe za kuhamia picha nyingine ndizo zinazoifanya video iwe ya kitaalamu? Kata tu. Piga picha za mikono ya mhojiwa, mlango, kazi anayoifanya, kila picha sekunde kumi bila kugusa kamera, utakuwa na pa kukatia.

Kijana wa feni amerudia mahojiano jana. Kiti kimegeuzwa, uso unaonekana, feni kimya. Zile sekunde 30 amezisahau.