Deni la mama ntilie haliungui na karatasi

Jumamosi iliyopita tulipata mgeni pale soba (nyumba ya wanaoacha unga, yaani heroini), mhamasishaji, kaja na spika yake na boksi la peni. Kawagawia vijana karatasi, kila mtu aandike mabaya yote aliyofanya kipindi cha unga, halafu tukatoka uani zikachomwa kwenye ndoo ya bati, yeye anapaza sauti semeni nimejisamehe, nao wanaitikia nimejisamehe. Wengine walilia, sikatai. Moto ulipozima kuna dogo mmoja ana wiki ya tatu tu toka aingie akanivuta pembeni, "Braza, na deni la mama ntilie wa Makorora nalo limeungua?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, ila usiku sikulala vizuri. Hii "jisamehe kwanza ndo utapona" naisikia kila wiki, kwa wageni, kwa mashangazi wanaotuletea watoto, redioni, na lazima wamalizie na yaliyopita si ndwele. Jamani, kwa teja yaliyopita ndo ndwele yenyewe. Nina miaka 11 klini, yaani bila kugusa unga, na 7 ya kazi hii ya ushauri hapa Tanga, acheni niseme.

Habari ya mwili naipitisha haraka. Arosto ya unga, yale maumivu ya kuacha, kali yake ni siku kadhaa, wiki hivi, inapita. Methadoni ni dawa ya kunywa ya kutuliza arosto, imeanza kutolewa Muhimbili 2011 na kwetu huku watu wanakunywa dozi hospitali ya Bombo, anayesema ni kubadilisha unga kwa unga tutagombana siku nyingine.

Ninapokereka ni hapa. Kuna majuto na kuna aibu, na watu wanavikoroga pamoja kama uji. Majuto ni nimemwibia mama hela ya kikoba. Aibu ni mimi mwizi, mimi si mtu, hata nikioga bado nanuka. Mwenye majuto ana pa kuanzia, hela ya kikoba ina idadi yake na ina mwenyewe, unaweza kwenda ukaongea naye. Mwenye aibu kosa lake ni yeye mzima mzima, sasa aanzie wapi, na sisi wenye ugonjwa huu njia ya haraka ya kujikimbia tunaijua moja tu. Kule Vancouver, Kanada, Daniel Randles na Jessica Tracy waliwarekodi video walevi walioacha pombe karibuni, wakawauliza kuhusu mara ya mwisho walipokunywa wakajisikia vibaya, halafu wakaangalia miili, mabega yaliyonywea, kifua kilichojikunja. Hayo mabega ndo yaliyoonesha nani miezi kama minne mbele atakuwa karudi kwenye chupa, wakati majibu ya mtu mwenyewe kuhusu aibu yake hayakuonesha kitu. Utafiti ulitoka 2013. Toka niusome, kwenye mitingi naangalia mabega. Jamaa anaweza akashea vizuri, kashusha aya na mifano mpaka watu wanapiga makofi, ila mabega yako magotini, huyo usiku ule simwachi alale chumba cha peke yake.

Kwa hiyo kama kujisamehe maana yake ni kuitua ile aibu, niko na nyie. Tabu ni kwamba kinachochomwa kwenye ndoo ni majuto, na majuto ndo nauli ya huyu dogo kwenda Makorora. Wakanada wengine, Michael Wohl na Andrea Thompson, 2011 walitoa utafiti wa wavuta sigara, wale waliojisamehe kwa uvutaji wao ndo walikuwa wazito kupiga hatua ya kuacha. Hilo nilishaliona kwa macho yangu. Nilikuwa na kijana kila akipata hela anaslipu, yaani anarudia unga, asubuhi anakuja anatabasamu, "Nimejisamehe braza, Mungu mwingi wa rehema." Mara nne. Ya tano alikuwa amekaa klini miezi miwili, akarudi na kipimo chake cha zamani, na mwili uliopumzika hauwezi tena kipimo kile. Tulimzika Alhamisi.

Mwingi wa rehema ni kweli, Surat Az-Zumar aya ya 53 inakataza kukata tamaa nayo, naisoma kwa wageni wapya kabla hata ya sheria za nyumba. Ila ustadhi yeyote wa Ngamiani atakwambia toba ina masharti, uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama kuna haki ya mja uirudishe. Wakristo nao wana Zakayo, Luka 19, aliyesema kama amemdhulumu mtu atarudisha mara nne. Na hizi stepu 12 zetu, hatua tunazofuata ili kupona, zilizotoka kwa walevi wa Marekani walioanza kukutana Akron, Ohio, 1935, zipekue zote, neno jisamehe halimo. Kuna kujihesabu bila kujionea huruma, kumwambia Mungu na binadamu mmoja, kuandika majina ya uliowaumiza, kwenda kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kwenda kwako kutamuumiza mtu upya. Hapo kwenye isipokuwa pana kazi, maana kuna mtu anataka kwenda kumwomba radhi mke wa zamani ambaye keshaolewa, saa mbili usiku, ana maua. Kaa chini bwana.

Sasa yanayonitatiza mwenyewe. Namjua mzee mmoja ana miaka mingi klini na anasema hajajisamehe na hana mpango huo, kila alfajiri anafagia msikiti halafu anapika kahawa ya watu wote, wala haonekani kutetereka. Kwa hesabu zangu sijui nimuweke wapi. Na sala, mimi naswali na naamini, ila nikiulizwa kinachomshika kijana ni sala yenyewe au ni kuamshwa alfajiri na watu wanaomjua jina, nabaki najikuna kichwa. Halafu wapo waliokufa. Mama yangu alifariki mimi niko maskani kwa mateja, nimeambiwa nimtolee sadaka, natoa, na bado kila mwaka nauliza tena.

Mjomba wangu alikuwa hai, alhamdulillahi. Alikuwa akibeba samaki wa mnada wa Deep Sea kwa baiskeli yake, nami niliiuza kwa kete mbili za unga. Nilimlipa kwa miezi tisa, elfu tano tano. Ya mwisho akaihesabu, akaitia kwenye kofia, akasema, "Mjomba, ile baiskeli hata breki ilikuwa haina, yule uliyemuuzia Mungu amrehemu." Tukacheka. Kujisamehe kama kulikuja basi kulikuja katikati ya hizo elfu tano tano, siku gani sikumbuki.

Jumatatu nilimsindikiza dogo Makorora. Kampa mama ntilie shikamoo, mama kaitikia marahaba bila kuacha kukuna nazi. Dogo akaeleza, elfu nane na mia tano, anaanza na elfu mbili. Mama akaipokea, akamtazama muda mrefu.

"Na sufuria yangu?"

Sufuria hakuiandika kwenye ile karatasi.