Timu ya uongozi yenye mshikamano ni ipi hasa?

Ofisi nyingi hapa Dar zikisema zina timu ya uongozi zinamaanisha wale watu sita saba wanaokaa kikao cha Jumatatu na MD, yaani mkurugenzi mtendaji. Hao ni mabosi waliokaa meza moja tu. Wanakuwa timu pale kila mkuu wa idara anapowahesabu wenzake wa hapo mezani kuwa ndo timu yake ya kwanza, halafu idara yake inafuata. Na hapo ndo wengi wanakwama, maana mtu kapandishwa cheo kwa kuipigania idara yake miaka yote, leo anaambiwa aiweke ya pili, inauma bwana.

Chukua kampuni ya kusambaza bidhaa, godauni liko Vingunguti, wateja wengi ni wa jumla Kariakoo. Meneja mauzo anataka mzigo utoke kwa mali kauli, yaani mteja achukue sasa alipe baadaye, kabla mwezi haujaisha ili afikishe targeti, mhasibu mkuu anaangalia madeni ya nyuma hayajalipwa, na wa stoo anataka nafasi tu kwa sababu kuna kontena bandarini na siku za bure zikiisha storeji inaanza kuhesabika. Wote watatu wana hoja. Sasa kama sio timu, kikaoni wataitikia "sawa bosi", wakitoka ndo kikao chenyewe kinaanza, kwenye korido na kwenye kale kagrupu ka WhatsApp ambako MD hayumo, kesho yake Fuso iko getini na oda iliyosainiwa na mauzo, mlinzi naye ana maagizo ya uhasibu kwamba mzigo usitoke. Dereva anashinda hapo mpaka saa nane mchana.

Wakiwa timu wanagombana vilevile, tena zaidi, ila mezani. Wanabishana mpaka wanaamua, tuseme mteja aliyepunguza nusu ya deni apewe mali kauli, wengine walete keshi, na mhasibu ambaye alitaka keshi kwa wote akirudi idarani hawanong'onezi watu wake kwamba yeye alikataa. Anausimamia uamuzi kama wake. Kwenye serikali hiyo inaitwa uwajibikaji wa pamoja, ibara ya 53 ya Katiba ya 1977 inasema mawaziri wanawajibika kwa pamoja Bungeni, kwa hiyo sio kitu kigeni kwetu.

Kwa hiyo ukiona menejimenti mpya inazozana usikimbilie kusema imeshindikana, Mmarekani Bruce Tuckman aliandika tangu 1965 kwamba vikundi vinapita kwenye kuzozana kabla ya kuzoeana na kufanya kazi. Mimi menejimenti iliyo kimya ndo inanitia wasiwasi, mara nyingi watu wanamwogopa bosi au wameshakata tamaa. Na akianza bosi kusema anachotaka, usitegemee mtu ampinge, asubiri wengine waongee kwanza.

Team building za Kigamboni sina neno nazo, tisheti na nyama choma nani anakataa. Ila kama bonasi ya mauzo inapigiwa hesabu kwa mzigo uliotoka peke yake na ya uhasibu kwa madeni yaliyokusanywa peke yake, hao watavuta kamba beach vizuri kabisa na Jumatatu Fuso itakuwa getini tena, mpaka MD na bodi waweke targeti moja inayomgusa kila mmoja wao mfukoni.