Kumkosoa umpendaye: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukweli lazima uume, basi useme tu ulivyo.

Kinachouma zaidi huwa ni sentensi ya kwanza. Mwaka 1999, Sybil Carrère na John Gottman walichapisha utafiti wa wanandoa wapya 124 nchini Marekani waliorekodiwa wakijadili jambo linalowagombanisha kwa dakika 15. Dakika 3 za mwanzo zilitosha kuashiria ndoa zipi zingekuja kuvunjika.

Ukifungua na “wewe hujali kamwe”, umemfungulia mwenzako kesi, naye atajitetea. Taja tendo moja na siku yake, kisha lilivyokugusa, kisha ombi: “Baba Shiru, Jumamosi ulimtumia ndugu yako 5,000 za kodi ya nyumba yetu. Mwenye ploti alipopiga simu niliingiwa na hofu. Naomba tuwe tunazungumza kabla hujatuma.” Hakuna “kila siku”, hakuna “kama mamako”. Hilo la mama liepuke kabisa: mlikuwa mnaongea kuhusu 5,000, sasa mnaongea kuhusu ukoo.

Dhana: Msilale kabla hamjamaliza.

Mtu ameshuka matatu Kayole, Nairobi, saa tatu usiku, ametoka kwenye foleni ya Jogoo Road, hajala. Huyo hasikii kitu. Gottman anaeleza kwamba mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, uwezo wa kusikiliza hushuka sana. Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15. Ukipata zaidi ya 25, simamisha mazungumzo kwa angalau dakika 20. Osha vyombo, teremka dukani, ila usitunge majibu kichwani, maana moyo hautatulia. Na utaje saa ya kurudi: “Saa nne kamili tuendelee.” Ukiondoka kimya, atajua umenuna.

Dhana: WhatsApp hupunguza makali.

Maandishi hayana sauti wala uso. “Sawa” tupu husomwa kama hasira. Tumia simu kupanga muda wa kuongea, basi.

Dhana: Anayekosolewa aanze kwa kueleza sababu zake.

Sababu ikitangulia, husikika kama kukana hata ikiwa ya kweli. Rudia kwanza ulichosikia kwa maneno yako, uulize, “Nimekuelewa?” Subiri ajibu. Kisha kubali sehemu iliyo kweli, hata ikiwa robo tu: “Ni kweli, nilituma bila kukuambia.” Sababu zako zije baada ya hapo. “Pole kama umekasirika” haihesabiki. Inaomba radhi kwa hasira yake, si kwa ulichofanya.