Kufuga si Kuzoesha

Neno lililonifanya niandike haya ni «hafugiki». Nimelisikia likisemwa juu ya paka, juu ya kasuku, juu ya punda dume aliyemwaga mzigo wa mchanga katikati ya njia, na mwezi uliopita nililisikia juu ya hamsta, yule mnyama mdogo afananaye na panya ambaye watu humweka kizimbani. Nilikuwa nimekaa barazani hapa Langoni, mtaa wa Lamu, baada ya sala ya alasiri, akaja kijana wa jirani yangu, kidole cha shahada kimefungwa kitambaa, akaniambia, «Mjomba, yule hamsta tuliyeletewa kutoka Nairobi hafugiki. Wiki ya sita hii, na kila nikimshika aniuma.» Nilimuuliza kama anakula. Akasema anakula, tena amenona. Nikamjibu kwamba basi afugika vizuri kabisa, naye akanitazama kama mtu aliyekwenda kwa tabibu kutafuta dawa akapewa somo la sarufi.

Kufuga ni kumweka mnyama kwako, ukamlisha na kumtunza kwa faida yako au kwa kujifurahisha. Kuzoesha, au kuzoeza kama wengine wasemavyo, ni kumfanya mnyama aache kuogopa kitu kwa kukutana nacho mara kwa mara pasipo kupata dhara. Kwa upande wa maana hakuna zaidi ya hayo. Taabu ni kwamba watu wamelitwika neno la kwanza mzigo wa maneno yote mawili, hata mnyama mwoga akiuma wanasema ufugaji umeshindikana, ilhali ufugaji hauna kosa lolote.

Fuga ni neno la Kibantu, na Wazulu hadi leo husema fuya kwa kuweka mifugo. Sisi tumelipanua: mtu hufuga ng'ombe, hufuga kuku, hufuga nyuki, na pia hufuga ndevu, hufuga nywele, hufuga kucha. Hata ugonjwa hufugwa, mtu akiukalia kimya bila kwenda hospitali. Sijamsikia mtu akidai kwamba ndevu zake zimemzoea. Katika matumizi yote hayo kinachofugwa hakiulizwi rai yake. Kinawekwa, kinaachwa kikue, na kazi yote ni ya mfugaji. Kitenzi zoea, ambacho nacho ni cha Kibantu, kimejengwa kinyume cha hapo. Anayezoea ni mnyama mwenyewe. Huwezi kuzoea kwa niaba yake, na hata unapokinyambua kitenzi ukasema nimemzoesha, silabi ulizoziongeza zinakubali kwamba wewe ni msababishi tu, na kwamba tendo lenyewe limetendeka ndani ya mwingine. Kwa hiyo mtu anaweza kusema «nimemfuga hamsta» siku ileile anapomtia kizimbani, lakini «nimemzoesha» hawezi kuisema mpaka hamsta akubali. Kutokana na shina hilohilo tumepata mazoea na mazoezi, yaani mambo ambayo hayaji kwa kufanywa mara moja.

Wazee waliosema «mzowea punda hapandi farasi» hawakusema «mfuga punda». Walijua tofauti, na walikuwa na punda wa kuijulia.

Kwa hamsta tofauti hiyo ni pana kuliko kwa punda, na hapa historia yasaidia. Punda amekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, na kizazi baada ya kizazi wale waliostahimili mzigo na kelele ndio waliozalishwa. Hamsta wa dhahabu, ambaye ndiye anayeuzwa zaidi, alielezwa kitaalamu London mwaka 1839, lakini aliingia mikononi mwa watu kikweli mwaka 1930, pale mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alipochimbua tundu karibu na Aleppo, nchini Syria, akapata mama na watoto wake 11, akawachukua watoto waliosalia hadi Yerusalemu. Karibu hamsta wote wa aina hiyo wanaofugwa duniani wametokana na ukoo ule mmoja. Kumbe ufugaji wake haujatimiza hata miaka 100. Inasemekana Waarabu wa huko walikuwa wakimwita kwa jina lenye maana ya bwana wa mikoba, kwa ajili ya vifuko vya mashavuni anamosombea nafaka. Mtu wa Lamu aliyekwisha kumwona punda ametandikwa shogi, yaani mifuko ya mzigo, iliyojaa pande zote mbili hahitaji kuchorewa picha.

Kuna neno la tatu ambalo nalo huchanganywa, nalo ni kufundisha. Panya buku wanaofunzwa Morogoro na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu hawaanzi na bomu. Huanza wakiwa wachanga kwa kuzoeshwa watu, sauti na mikono, na baada ya hapo tu ndipo hufundishwa kwamba harufu fulani huleta ndizi. Anayetaka hamsta wake apande kiganjani kabla hajaizoea harufu ya kiganja hicho amelianza somo kutoka darasa la pili.

Nilikwenda kwa jirani nikaone. Kizimba kilikuwa kimewekwa kwenye kiwanda, ule ua wa ndani wenye mwanga, na juu ya ukuta walikuwa wamelala paka wawili, mmoja wao macho wazi. Hamsta alikuwa amelala ndani ya matambara, kwa kuwa ni mnyama wa usiku, na jua lilikuwa halijachwa. Kijana akafungua mlango wa juu, akateremsha mkono uliokuwa bado unanukia karanga alizokuwa akila, akamshika mgongoni. Hamsta alilala chali, masikio ameyabana, akatoa mlio mwembamba kama wa bawaba kavu, kisha akauma. Kwa mnyama ambaye macho yake ni dhaifu na pua yake ni kali, kitu kinachoshuka kutoka juu ni mwewe, na kitu kinachonukia karanga ni karanga. «Si umeona, mkali huyu!» kijana akasema. Hakuwa mkali. Mkali hukufuata, huyu alipoachiwa alikimbilia matambara yake.

Nilimwambia asiukutue mkono anapoumwa, maana hamsta hurushwa akavunjika. Aushushe mpaka sakafu ya kizimba, mnyama ataachia. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa, kitiwe dawa ya kuua vijidudu, na kikivimba au kikitoa usaha aende zahanati, akaulizwe pia kuhusu sindano ya pepopunda. Kichaa cha mbwa kwa hamsta wa kizimbani ni jambo la nadra mno. Kumpiga kipua kwa kidole, kama walivyomshauri wenzake, ni kumzoesha pia, ila anachozoeshwa ni kwamba mkono huumiza.

Kizimba tukakihamishia chumbani, mbali na paka na mbali na joto la kiwanda, kwa sababu hamsta hupata taabu kubwa joto likizidi. Siku chache za mwanzo aachwe kabisa, alishwe tu na kusemeshwa kwa sauti ya chini. Baada ya isha, atakapokuwa ameamka mwenyewe, kijana anawe mikono, auweke mmoja mlangoni bila kuutikisa, na mbegu ya alizeti katikati ya kiganja. Asimfuate. Akija kunusa akarudi, usiku huo umetosha. Siku atakapokaa kiganjani akala, ndipo atainuliwa kwa viganja viwili kama mtu anayeteka maji, karibu na mkeka ili akiruka asiumie. Wapo wanaochukua wiki mbili, wapo wanaochukua miezi, na wachache hubaki vilevile, wa kutazamwa tu, ingawa hata hao wanafugika.

Juma lililopita kijana alinipitia barazani, kidole kimepona. Alinieleza kwamba usiku uliotangulia hamsta aliichukua mbegu kiganjani, akaitia shavuni, akakaa pale pale akitafuta nyingine. «Mjomba,» akasema kwa furaha, «ameanza kufugika.»

Nikamwambia, kwa upole niwezavyo, kwamba ameanza kumzoea.